Pilipili nyekundu au ya kijani, ipi kali? Jibu kwa dada wa mihogo

Swali nimelipata kwa dada mmoja anauza mihogo ya kukaanga na kachori huko Tabata, nalifupisha: "Chef habari. Pilipili natengeneza mwenyewe, ya mbuzi, na ndo inayoniletea wateja. Shida kuna siku inakua kali mpaka mtu anatoka machozi, siku nyingine wananiambia dada leo umetuwekea juisi ya nyanya, na kipimo changu ni kile kile, pilipili ishirini kwa ndoo ndogo. Muuzaji wangu sokoni anasema chukua nyekundu tu ndo kali. Jirani anasema ya kijani ndo kali, nyekundu imeshapoa. Mama mkwe anasema ukali uko kwenye mbegu, nitoe mbegu. Nani mkweli? Na kwanini nikiweka ya kijani inanipa harufu ya majani?"

Dada yangu, hao watatu kila mmoja kashika kipande cha ukweli ndo maana wanakuchanganya. Nikujibu kwa kifupi kwanza afu tuingie ndani: rangi ya pilipili inakwambia ladha yake, ukali haikwambii. Ukilishika hilo utaacha kuchagua rangi ili upate ukali, utachagua rangi kwa ajili ya ladha unayoitaka, na ukali utaupima mwenyewe jikoni kwa ulimi maana kwa macho hauonekani.

Hebu anza na hoho, sababu hoho haiwashi kabisa kwahiyo unasikia ladha tupu. Nunua moja ya kijani na moja nyekundu, zile nyekundu na za njano mara nyingi utazikuta supamaketi na bei imechangamka, na sio bure, zimekaa shambani muda mrefu zaidi mkulima anamwagilia anafukuza wadudu huku anaomba zisioze kabla hazijaiva. Kata, tafuna kipande kibichi cha kila moja. Ya kijani ina uchungu kwa mbali na harufu ya majani, nyekundu ni tamu unaweza kuila kama tunda. Na wala sio mimea miwili tofauti, hoho nyekundu kabla haijaiva ilikua ya kijani.

Sasa pilipili mbuzi nayo inapitia njia hiyo hiyo, ila kwa sababu inawasha wewe huisikii, moto unafunika kila kitu. Ile harufu ya majani unayolalamikia inatoka kwenye kemikali za jamii ya pirazini, ziko kidogo mno ndani ya tunda lakini pua ya binadamu inazinasa upesi. Tunda likiiva zinapungua, sukari inapanda, ukijani unavunjika na rangi nyekundu inaingia, vitamini C nayo inaongezeka. Kwahiyo majani sio kwamba umekosea mapishi, umetumia pilipili ambayo haijaiva kwenye sosi ya nyanya iliyopikwa, na hivo viwili haviendani kihivyo. Ile ile ya kijani ukiitwanga na ndimu, embe bichi, chumvi na giligilani kidogo ukamwekea mtu pembeni ya samaki wa kukaanga, hatakwambia inanuka majani, atakwambia ongeza. Kachumbari vile vile mi napenda ya kijani, nyekundu kwenye kachumbari inakua na utamu utamu ambao mimi binafsi siuelewi.

Turudi kwenye ukali. Kinachowasha kinaitwa kapsaisini. Tunda linaanza kuitengeneza likiwa bado dogo, wiki kama tatu hivi baada ya ua, inaongezeka inaongezeka, na kwa aina nyingi inafika juu kabisa pale tunda linapomaliza kukua, tuseme siku 40 mpaka 50. Hapo bado linaweza kuwa la kijani kabisa au ndo linaanza kugeuka rangi. Baada ya hapo inategemea, kuna aina ukali unabaki pale pale mpaka linaiva, kuna aina unashuka kidogo, kuna aina unapanda kidogo. Ndo maana jirani yako na muuzaji wako wanaweza kubishana mpaka jioni na kila mmoja ana ushahidi wake.

Ila kuna kitu wote wawili hawajakwambia. Ya kijani iliyokomaa na ya kijani iliyo changa ni vitu viwili tofauti na sokoni zinachanganywa kwenye fungu moja. Changa bado haijajaza ukali, iliyokomaa imeshajaza hata kama haijaiva. Utazijuaje? Iliyokomaa inakua ngumu ukiibonyeza, ngozi inang'aa, kijani chake kimekolea. Ukiwa na wasiwasi ikate moja hapo hapo uangalie mbegu, zikiwa nyeupe laini zinapondeka kwa kucha hiyo changa, zikiwa na rangi ya krimu na ngumu hiyo imekomaa. Muuza atakununia kidogo, mwambie unanunua kilo.

Na usichanganye kuiva na aina. Pilipili mbuzi ya njano inaweza kuwa iko njiani kwenda nyekundu, na inaweza kuwa ni aina ambayo mwisho wake ni njano, imeshaiva hapo. Angalia karibu na kikonyo, kama kuna mabaka ya kijani yanaisha isha bado iko njiani.

Kinachobeba ukali kwanza ni aina, afu shamba. Kuna kipimo kinaitwa Scoville, kimeanzishwa na mfamasia wa Marekani Wilbur Scoville mwaka 1912, alikua anachukua dondoo la pilipili analizimua kwenye maji ya sukari anawapa watu waonje, anaongeza maji mpaka waseme hatusikii tena, kiasi alichozimua ndo ukali wenyewe. Siku hizi wanapima kwa mashine lakini namba zimebaki za kwake. Hoho ni sifuri. Jalapeño ya Mexico ni kama 2,500 mpaka 8,000. Pilipili kichaa inatajwa 50,000 mpaka 100,000. Jamii ya habanero, na pilipili mbuzi yetu ndo iko humo, ni 100,000 mpaka 350,000. Ndio, mbuzi inaizidi kichaa, watu wengi wanabisha hapa sababu kichaa inapiga ghafla afu ni ndogo unaitafuna yote, mbuzi nani anaitafuna nzima.

Sasa angalia hiyo namba ya mwisho vizuri dada, 100,000 mpaka 350,000. Maana yake pilipili mbili za jamii moja, ziko kwenye fungu moja, rangi moja, saizi moja, moja inaweza kuwa na ukali wa tatu za mwenzie. We unahesabu ishirini, lakini leo ishirini zako zimetoka kwa mkulima anayemwagilia kila siku, kesho zimetoka shamba lililopigwa jua wiki mbili bila maji. Mmea ukipata shida ya maji na joto, mara nyingi tunda linakua kali zaidi, ukinyweshwa sana linakua kubwa zuri la kupendeza na limepoa. Ndo maana kipindi cha masika watu wanalalamika pilipili za msimu huu hazina nguvu. Na pale Kariakoo au Mabibo mzigo unakuja kutoka mikoa tofauti tofauti unamwagwa pamoja, muuzaji mwenyewe hawezi kukwambia hizi za chini zimetoka wapi.

Mama mkwe naye. Mbegu zenyewe hazitengenezi ukali. Chukua pilipili mbuzi moja nyekundu, ipasue kwa urefu, uangalie ule uti mweupe wa ndani unaoshika mbegu. Kwenye iliyokomaa vizuri utaona vitone vidogo vya njano vinang'aa kama mafuta juu ya ule uti, hapo ndo kiwandani. Mbegu zimeng'ang'ania hapo kwahiyo zinapakwa, ukizionja zinawasha ukadhani ni zenyewe. Ukitaka kuhakikisha, gusa kwa ncha ya ulimi nyama ya pilipili kule mwisho kabisa kwenye ncha, afu subiri, afu gusa karibu na uti. Hutohitaji kurudia. Kwahiyo mama mkwe yuko sahihi kwa vitendo, sababu mtu akitoa mbegu kwa kisu anatoka na ule uti pia, ukali unapungua kweli. Ila ukizikung'uta mbegu tu uti ukabaki umejisumbua bure. Na hilo usimwambie ulivyolisikia hapa, mwonyeshe tu.

Sasa tutengeneze sosi isiyobadilika badilika. Mi nakushauri uache kusaga pilipili za siku moja moja. Ukisaga ishirini, mbili tatu zikiwa kali sana zinavuta ndoo nzima. Ukisaga kilo mbili kwa mpigo, kali na zilizopoa zinajifidia zenyewe na ukali wa mchanganyiko mzima unakua mmoja, na huo mmoja unautumia wiki kadhaa. Yani siri yote iko hapo, hayo mengine ni mapambo.

Fanya hivi. Chukua pilipili mbuzi nyekundu zilizoiva, toa vikonyo, osha, acha zikauke maji. Kilo moja kwa siki kama vikombe viwili na chumvi vijiko vinne vya chai, chemsha dakika kumi mpaka kumi na tano, ziache zipoe kabisa ndo uzisage, blenda ya plastiki iliyofungwa na kitu cha moto sana inaweza kukurukia usoni na hiyo ni pilipili sio uji. Hiyo weka kwenye chupa zilizochemshwa, friji, iite pilipili mama. Pembeni pika uji wako mzito wa sosi, nyanya zilizoiva, karoti, kitunguu, swaumu, ukwaju au embe bichi ukipenda, chumvi, upike mpaka ukolee na usage, na hapa vipimo usivibadilishe kila siku maana huu ndo msingi wako. Alafu unachanganya, nusu lita ya msingi kwa vijiko viwili vikubwa vya pilipili mama, unaonja, unaongeza au unaishia hapo, na namba uliyoishia unaiandika juu ya ile chupa. Ukitengeneza pilipili mama nyingine mwezi ujao unaanza upya kuonja, maana ile itakua na ukali wake. Bakiza kikombe cha sosi ya zamani friji ya kulinganishia, ulimi hauna kumbukumbu nzuri ya ukali.

Kuhusu kuonja kuna mambo mawili. La kwanza, we unakula pilipili kila siku, ulimi wako umeshazoea, kapsaisini inafanya hivo, ukiila mara kwa mara mishipa ya fahamu inapunguza kupiga kelele. Kwahiyo wewe ukisema imekaa sawa kwa mteja wa kawaida tayari ni balaa. Tafuta mtu ambaye sio mlaji sana aonje, na asionje mfululizo, kijiko kimoja, dakika kadhaa zipite, kipande cha muhogo mtupu, ndo cha pili.

La pili hili watu wengi hawalijui. Unaonja sosi imetoka friji, mteja anaila na muhogo umetoka kwenye mafuta sasa hivi. Ule mlango kwenye mishipa ya fahamu unaoguswa na kapsaisini ni ule ule unaofunguka mdomo ukiguswa na kitu cha moto, kuanzia kama nyuzi 43 hivi. Mwanasayansi wa Marekani David Julius ndo aliyeugundua kwa kutumia hiyo hiyo kapsaisini na mwaka 2021 akapata tuzo ya Nobel ya tiba, akigawana na mwanasayansi mwenzie Ardem Patapoutian. Kwahiyo mdomo unapokea pilipili na joto la muhogo kwa pamoja kwenye mlango mmoja, sosi ile ile inakua kali zaidi kuliko ulivyoionja we. Onja na muhogo wa moto dada, sio na kijiko jikoni.

Kuna wanaosema ukiichemsha sana inapoa. Haipoi kihivyo, kapsaisini inavumilia moto wa kuchemsha, kinachokimbia ni harufu. Ile harufu ya mbuzi nyekundu, inayokaribia embe au apricot kwa wanaoijua, inaruka na mvuke, ndo maana sosi iliyochemka saa nzima inawasha tu haina utu. Ukiitaka harufu ibaki, bakiza pilipili mbili tatu mbichi zilizoiva uzisagie mwishoni moto umezimwa, au weka kimtindo wa kwetu pwani, pilipili nzima juu ya maharage ya nazi au wali unapokauka, harufu inaingia na ukali unabaki ndani ya ngozi yake ilimradi mtu asiipasue kwa mwiko, na kuna mtu siku zote anaipasua.

Tui la nazi na mafuta yanaupoza ukali ukilinganisha na sosi ya maji maji, kapsaisini inapenda mafuta na maji haiyataki. Kwa hiyo hiyo sababu mteja akiungua usimpe maji, yanaizungusha tu mdomoni, mpe maziwa au mtindi. Mikono nayo, pakaa mafuta ya kula kwanza, sugua, afu ndo sabuni ya vyombo. Glavu ni bora zaidi, hasa kama una mtoto mchanga.

Wakati wa kununua, kama unataka nyekundu usinunue za kijani ukitegemea zitaiva nyumbani. Pilipili ikichumwa ya kijani kabisa mara nyingi inanyauka na ukijani wake. Ila ikiwa imeshaanza kugeuka, robo nyekundu hivi, iache mezani penye hewa siku chache itamalizia rangi, ingawa utamu hauwi sawa na iliyoivia shambani. Kikonyo kiwe kibichi cha kijani, kikiwa cheusi kimelegea imeshalala sana. Nyekundu zinaharibika haraka kuliko kijani kwahiyo siku ukiona bei ya nyekundu imeshuka chukua nyingi utengeneze pilipili mama siku hiyo hiyo, au zifungie friza, zikitoka zitakua laini lakini kwa kusaga haina neno. Usizioshe kabla ya kuweka friji, unyevu unaleta ukungu.

Kukausha, kwa unyevu wa hewa wa Dar, mi sikushauri sana mpaka uwe na sehemu nzuri ya jua na chandarua, uzipasue, uzitandaze mbali na sakafu na uziingize ndani jioni. Ikiota ukungu usiikung'ute ukaisaga, tupa, ukungu unaweza kuwa na sumukuvu na sumukuvu haitoki kwa kupika. Na za kukausha ziwe nyekundu tupu, kijani inatoka na rangi ya udongo na ladha ya nyasi kavu. Mexico wana jalapeño wanaikula mbichi ikiwa ya kijani, ikiiva nyekundu wanaikausha kwa moshi na inabadilishwa jina kabisa inaitwa chipotle, na ukionja unawaelewa, ni chakula kingine.

Mwisho, siki usiipunguze eti ili upunguze gharama. Sosi ya kukaa chupani inatakiwa iwe chachu ya kutosha, pH chini ya 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unapanda), juu ya hapo bakteria wa botulizimu, anayetoa sumu inayoweza kuua, anaweza kukua ndani ya chupa iliyofungwa na unaweza usisikie harufu wala kuona rangi imebadilika. Vikaratasi vya kupimia pH vinauzwa maduka ya vifaa vya maabara, chukua vile vya kusoma kuanzia 3 mpaka 5 hivi, vile vya 1 mpaka 14 havikuonyeshi tofauti ndogo, upime kwenye sosi iliyosagwa ikapoa, na mi ningependa usome 4 au chini. Na ile ya pilipili mbichi na swaumu mbichi iliyolowekwa kwenye mafuta ikaachwa juani kwenye meza ya biashara wiki nzima, najua inapendeza na najua inauzika, hiyo acha. Ukitaka ya mafuta tengeneza kidogo, ikae friji unatoa ya kutumia tu, na isivuke siku nne.